Nani Anagharimia Bustani za Nairobi?

Bustani ya umma ni ardhi ya mji iliyotengwa ili mtu yeyote aingie, aketi, atembee, acheze au alale kivulini bila kuulizwa sababu. Jijini Nairobi ardhi ya namna hiyo inaanzia kwenye ekari tano za Jeevanjee, zilizobanwa na maduka na ofisi, hadi msitu wa Karura wenye zaidi ya hekta 1,000 upande wa kaskazini. Katikati yake zipo Uhuru Park, Central Park, City Park, Arboretum, Michuki na viwanja vingi vidogo vya mitaani ambavyo havina hata kibao cha jina. Zote huitwa bustani, lakini hazina mwenye nyumba mmoja wala mfuko mmoja wa fedha, na sheria zinazozilinda ni mbalimbali. Hiyo ndiyo sababu baadhi zimenawiri na nyingine zimenyauka, ingawa zinanyeshewa na mvua ile ile.

Uhuru Park, Central Park, Jeevanjee na City Park ziko mikononi mwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, iliyoipokea kazi hiyo kutoka kwa baraza la jiji baada ya uchaguzi wa 2013. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja bustani, fuo na maeneo ya burudani kuwa jukumu la kaunti. Karura, Arboretum na msitu wa Ngong Road ni misitu iliyotangazwa kisheria, kwa hiyo msimamizi wake ni Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ambalo ni la serikali ya kitaifa. City Park ina hadhi mbili: ni mali ya kaunti, na tangu 2009 ni turathi ya taifa, hivyo Makavazi ya Kitaifa nayo yana neno juu yake. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117 na simba wake, haihesabiwi hapa. Ile ni hifadhi ya wanyamapori, na mtoto hawezi kwenda kupiga mpira humo.

Ardhi ilivyopatikana

Jeevanjee, mojawapo ya bustani kongwe kabisa za jiji, haikutoka serikalini. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda, aliwapa wakazi wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906, wakati mji wenyewe ulikuwa bado ni mabanda ya mabati na matope. Mwaka uliofuata ilianzishwa Arboretum, na burudani haikuwa sababu. Watawala wa kikoloni walitaka kujua ni miti gani ya kigeni inayokua haraka, ili magarimoshi yapate kuni. Miti ile ya majaribio ndiyo leo imekuwa msitu wa hekta 30 hivi, ambamo wanafunzi hujisomea na wazee hutembea asubuhi. Uhuru Park, yenye hekta 12.9, ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta Mei 23, 1969, miaka mitano na ushei baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa.

Kwa hiyo bustani moja ilikuwa zawadi ya tajiri, nyingine shamba la majaribio, nyingine kumbukumbu ya uhuru. Kila moja ilikuja na ardhi. Hakuna iliyokuja na mfuko wa kuitunza, na pengo hilo linaonekana mpaka leo.

Thamani ya ardhi hiyo ni gharama ya kwanza ya bustani, japo haiandikwi kwenye bajeti yoyote. Ekari moja katikati ya jiji inaweza kuuzwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi, na kila kizazi cha viongozi kimekuwa na watu wanaoitazama nyasi hiyo na kuona ghorofa. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga ndani ya Uhuru Park jumba la ghorofa 60 la Kenya Times. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, alianza kuandika barua, akaandika nyingine, akaandika tena: kwa ofisi za serikali, kwa mabalozi, kwa wafadhili. Alitukanwa bungeni, na shirika lake likatolewa katika jengo la serikali lililokuwa ofisi yake. Lakini wafadhili wa nje waliingiwa na wasiwasi wakajitoa, na mwaka 1992 mradi ukaachwa. Bila barua zile, mahali ambapo Katiba mpya ilitangazwa rasmi Agosti 27, 2010, mbele ya umati mkubwa, pangekuwa maegesho ya magari ya jumba hilo.

Jeevanjee nayo ilinusurika chupuchupu. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuigeuza kuwa jengo la maegesho na maduka. Zarina Patel, mjukuu wa aliyeitoa, alisimama kuitetea pamoja na wakazi wa jiji, mpango ukafa. City Park haikubahatika hivyo. Kati ya takriban hekta 90 za awali zimebaki kama 60, nyingine zimekatwa vipande na kugawiwa. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha katika ripoti yake ya 2004 jinsi viwanja vya umma kote nchini vilivyogawiwa watu binafsi kana kwamba havina mwenyewe.

Kazi ya kulinda ardhi inahitaji vitu vichache vinavyochosha kuvitaja lakini vyenye thamani kuliko mnara wowote wa kumbukumbu: hati iliyosajiliwa kwa jina la umma, ramani ya mpimaji, vigingi vya mipaka vinavyoonekana, na daftari linaloorodhesha kila kiwanja cha wazi pamoja na ukubwa wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kiwanja cha mtaani kisicho na hati huanza kwa kibanda kimoja cha kuuzia mboga, ikafuata karakana, kisha uzio wa mabati, na siku mtu atakapouliza, ataonyeshwa karatasi zenye jina asilolijua.

Gharama ya kila siku

Ardhi ikishakuwa salama, ndipo kazi inapoanza. Katika bustani ya katikati ya jiji huanza alfajiri, kabla ya watu wanaokatiza kwenda kazini. Wafagiaji huingia na fagio za njiti, magunia na toroli. Huokota chupa za plastiki, maganda ya mahindi ya kuchoma, vipande vya miwa, magazeti yaliyolaliwa, viatu visivyo na wenzake. Mwezi wa Oktoba, mijakaranda inapochanua na kumwaga maua ya zambarau, njia iliyofagiliwa saa moja asubuhi hufunikwa tena kabla ya saa nne. Maua hayo ni fahari ya Nairobi kwenye picha. Kwa mfagiaji ni magunia.

Nyasi ni gharama kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukoka uliokatwa vizuri hutaka maji, na hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukiamua kuinywesha nyasi milimita tano kwa siku wakati wa kiangazi, hekta moja itakunywa lita 50,000, sawa na malori matano ya maji ya lita 10,000. Tuseme nusu tu ya Uhuru Park ni nyasi. Hapo mahitaji ya siku moja yanapita lita 320,000, ambazo ni zaidi ya mitungi 16,000 ya lita 20. Katika jiji ambalo mitaa mingi hupokea maji ya bomba kwa zamu, na mama hulala na masikio wazi akisubiri mfereji ulie usiku, ni vigumu kumweleza mtu kwamba maji yaliyosafishwa kwa kunywa yamwagwe kwenye nyasi. Ndiyo maana bustani iliyopangwa vizuri hupunguza eneo la nyasi, huongeza miti yenye mizizi mirefu, hufunika udongo kwa majani makavu ili usikauke, na hutafuta maji ya kisima au maji taka yaliyosafishwa. Uamuzi huo hufanywa mara moja kwenye meza ya mchoraji ramani, na bili yake hulipwa kwa miaka 50.

Ulinzi unafuata. Lango moja linalolindwa usiku na mchana, siku zote saba, lina saa 168 kwa wiki. Mlinzi anayefanya kazi saa 52 kwa wiki hawezi kulimaliza, wala watatu hawatoshi. Ukiongeza likizo ya mwaka na siku za ugonjwa, unahitaji watu wanne kwa lango moja. Bustani yenye malango sita, ikilindwa sawasawa, ina walinzi 24 kwenye orodha ya mishahara kabla hajaajiriwa hata mtunza bustani mmoja. Wasimamizi wengi wakiona hesabu hiyo huchagua njia fupi: hufunga malango manne kwa kufuli. Watu waliozoea kupita huko huacha kuja, eneo la ndani likabaki tupu, na pahali patupu ndipo mwizi anapopapenda. Watu wengi wanaopita ni ulinzi wenyewe.

Kisha kuna vyoo. Hakuna kitu kinachowafukuza wanawake na watoto bustanini haraka kama choo kichafu au kukosekana kwa choo. Nairobi iliwahi kupata njia ya maana katika jambo hili. Mwishoni mwa muongo wa 2000 vyoo vya kulipia vya Iko Toilet vilienea katikati ya jiji kwa mkataba: mjenzi anajenga, anaendesha kwa ada ndogo kwa muda uliokubaliwa, kisha anaikabidhi halmashauri. Huduma ndogo yenye wateja wa hakika inaweza kujilipia. Ufagio hauwezi, maana hakuna atakayelipa tiketi ili njia ifagiliwe.

Miti mikubwa nayo ina daftari lake. Mkaratusi wa miaka 80 unaofaa kwa kivuli Januari unaweza kuangusha tawi juu ya benchi wakati wa mvua za masika. Kuukagua, kuupogoa na kuung'oa unapooza kunataka mtu aliyefunzwa, msumeno wa mashine, kamba na bima. Pia kuna mabenchi, taa, mifereji, ziwa la kuzolewa matope, kitalu cha miche. Kila kimoja kina umri wake, na msimamizi mwenye akili huandika leo kitu gani kitabadilishwa mwaka gani.

Fedha za kujenga na fedha za kufagia

Bajeti za serikali nchini Kenya hugawanywa sehemu mbili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Kujenga lango jipya ni maendeleo. Kumlipa anayelifungua kila asubuhi ni matumizi ya kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo kwa kipindi cha kati, na nia yake ni njema, fedha zote zisiishie kwenye mishahara na posho. Lakini kwa bustani matokeo yake huwa kinyume. Mradi mkubwa una utepe wa kukata, zabuni ya kutangaza na picha ya kupiga. Ufagio hauna sherehe. Basi bustani huachwa ichakae miaka 15, ikafungwa, ikajengwa upya kwa fedha nyingi, ikafunguliwa kwa shangwe, ikaanza kuchakaa tena siku hiyo hiyo.

Uhuru Park imepita humo. Mwaka 2021 ilifungwa pamoja na Central Park ili zikarabatiwe chini ya Nairobi Metropolitan Services, chombo kilichoundwa 2020 kuchukua baadhi ya kazi za kaunti. Chombo hicho kilimaliza muda wake Septemba 2022 malango yakiwa bado yamefungwa, kazi ikarudi kwa kaunti, na wakazi walikaa zaidi ya miaka miwili bila bustani yao kubwa ya katikati ya jiji. Wapiga picha waliokuwa wakiwapanga wageni kando ya ziwa, waendesha mashua, wauza njugu na aiskrimu, wote walitafuta pa kwenda. Hasara hiyo haimo katika hesabu ya mkandarasi, lakini ni sehemu ya gharama ya kuacha kitu kiharibike mpaka kifungwe. Ukarabati wa sehemu kwa sehemu, mwaka baada ya mwaka, malango yakiwa wazi, hugharimu kidogo na haumnyimi mtu njia yake.

Kikwazo cha pili ni sheria ya mapato. Ibara ya 207 ya Katiba inataka fedha zote zinazokusanywa na kaunti ziingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizoachwa nje na sheria ya Bunge. Ada ya harusi iliyofanyika bustanini, kodi ya mwuza soda, malipo ya tamasha, vyote huenda huko na kuchanganyika na ada za maegesho na leseni za biashara. Lengo ni kuzuia wizi, na ni lengo la haki. Hata hivyo msimamizi wa bustani hana motisha ya kuongeza mapato, kwa kuwa shilingi anayoikusanya Jumamosi haimrudii hata ikiwa pampu imekufa Jumatatu.

Shilingi ya langoni

Karura ilijaribu njia nyingine. Msitu huo ulitangazwa kisheria mwaka 1932, na miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi binafsi. Januari 8, 1999, Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti huko walishambuliwa kwa silaha, naye akajeruhiwa kichwani. Picha zake akivuja damu zilizunguka dunia. Msitu ukaokoka, lakini kuokoka siyo kutumika. Kwa miaka kumi iliyofuata Nairobi iliuogopa. Uliitwa maficho ya majambazi na mahali pa kutupa maiti, na wakazi wa Muthaiga na Gigiri walipita kandokando yake madirisha ya gari yakiwa yamefungwa.

Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu vyama vya jamii kushirikiana na KFS kusimamia msitu. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha Marafiki wa Karura. Walichangisha fedha za uzio wa umeme, wakaweka malango machache yenye walinzi, wakaajiri vijana wa vijiji jirani kama Mji wa Huruma kuwa walinzi wa msitu, watu wale wale ambao awali walikata kuni humo kwa lazima ya njaa. Mwaka 2011 umma ukaanza kuingia kwa ada. Kwa miaka mingi mtu mzima Mkenya alilipa takriban shilingi 100, na fedha hizo zikalipa mishahara ya walinzi, vibao, matengenezo ya njia na kazi ya kung'oa miti ya kigeni ili ile ya asili irudi. Leo mwanamke anaweza kukimbia peke yake saa kumi na mbili asubuhi mahali ambapo baba yake hangeingia mchana akiwa na marafiki watano. Usafi wake nao umesaidiwa na katazo la Juni 5, 2020 lililopiga marufuku plastiki za matumizi ya mara moja katika mbuga, fuo na misitu: kisichoingia hakiokotwi.

Siri ya Karura ilikuwa moja, kwamba shilingi ya langoni ilitumika ndani ya lango. Ndiyo maana mwaka 2025, malipo ya kiingilio yalipoelekezwa kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen, chama hicho kilikwenda mahakamani. Serikali ina haki ya kutaka kila shilingi ya umma ionekane, na jamii ina haki ya kuuliza itarudi lini. Mambo hayo mawili hayagombani. Mfumo mmoja wa malipo unaweza kurekodi fedha zote na papo hapo kuzigawa kwa asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba, na kufanya vinginevyo ni kuua mti kwa kutaka kuhesabu matunda yake.

Kiingilio kina upande mbaya, hata hivyo, na haufai kufichwa. Shilingi 100 kwa mtu mmoja si kitu kwa mwenye gari. Kwa familia ya watu sita kutoka Mathare, ukijumlisha nauli, siku moja ya msituni inakula pesa ya unga wa siku kadhaa. Msitu mkubwa wa pembeni unaweza kutoza, maana mtu huuendea kwa kukusudia. Bustani ya katikati ya jiji, ambayo mtu asiye na kazi hupumzikia mchana na kundi la Bunge la Mwananchi hujadili siasa pale Jeevanjee, ikitozwa inakoma kuwa ya umma.

Miji mingine ilivyofanya

Minneapolis, Marekani, ilitatua jambo hili mwaka 1883 kwa kuunda bodi ya bustani inayojitegemea. Wapiga kura huwachagua makamishna wake tisa, na bodi ina fungu lake katika kodi ya majumba. Meya hawezi kuzichukua fedha hizo kuzibia mashimo ya barabara. Chicago iliunganisha mamlaka 22 za bustani kuwa moja mwaka 1934, nayo pia ina uwezo wa kutoza kodi. New York ilichagua njia ya wafadhili. Jiji lilipokaribia kufilisika mwaka 1975, Central Park ya huko, yenye hekta 341, ilikuwa imebaki vumbi na mabenchi yaliyovunjika. Mwaka 1980 liliundwa shirika la hisani la kuitunza, na leo sehemu kubwa kabisa ya bajeti yake hutoka kwa wachangiaji. Inapendeza, lakini imepakana na majumba ya matajiri. Bustani ya mtaa wa maskini haina majirani wa namna hiyo, na mji ukitegemea hisani peke yake hupata bustani nzuri palipo na pesa tu.

Milton Keynes, Uingereza, una mpango ambao wapangaji wa miji wa Afrika Mashariki wangefaa kuusoma kwa makini. Mwaka 1992 bustani zake zilikabidhiwa amana maalumu, na pamoja nazo majengo ya biashara yenye thamani ya takriban pauni milioni 20. Kodi za maduka na ofisi hizo ndizo zinazokata nyasi hadi leo. Ni wakfu, kitu ambacho mwambao wa Waswahili umekijua kwa karne nyingi: nyumba au shamba linatengwa, mapato yake yanautunza msikiti au kisima, na hakuna mrithi wa kuuza. Kairo nako, bustani ya Al-Azhar yenye hekta 30, iliyofunguliwa 2005 juu ya jalala la miaka 500, huendeshwa kwa tiketi na mapato ya migahawa iliyomo. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ulioijenga, ndio uliokarabati Forodhani ya Unguja, ikafunguliwa upya 2009. Ukuta wa bahari na taa zilitengenezwa, na wauza urojo na mishikaki, badala ya kufukuzwa, walipangiwa mahali pao. Mchuuzi aliyepangwa ni mpangaji anayelipa. Aliyefukuzwa hurudi usiku, na takataka zake hazina mwenyewe.

Nairobi haiwezi kunakili mji wowote kati ya hiyo. Inachoweza ni kutunga sheria ya kaunti inayounda mfuko wa bustani, ikautengea sehemu maalumu ya ada ya majumba ya eneo husika, ikaruhusu kodi ya migahawa, vioski na matamasha ibaki humo, na hesabu zake zikabandikwa langoni kila mwaka. Jirani wa bustani ananufaika: nyumba yake inapanda bei kwa sababu ya kijani ambacho hakukipanda. Ni haki achangie zaidi ya yule anayeishi mbali.

Mashariki mwa jiji

Ramani ya bustani za Nairobi ni ramani ya jinsi mji ulivyogawanywa na wakoloni. Kijani kingi kiko magharibi na kaskazini. Mashariki, wanakoishi watu wengi zaidi kati ya wakazi 4,397,073 waliohesabiwa mwaka 2019, viwanja vya wazi ni vichache na vingi vimemezwa. Huko wakazi hawakusubiri. Dandora, vijana walisafisha nyua za kati ya nyumba, wakaweka malango, maua na michezo ya watoto, wakazitunza kwa michango ya kaya na fedha za kuosha magari. Korogocho, kundi la Komb Green Solutions, lililoanza 2017 na vijana walioacha uhalifu, lilizoa taka kwenye ukingo wa Mto Nairobi na kugeuza dampo kuwa bustani. Kazi ya mikono yao inaonyesha kwamba bustani ndogo karibu na mlango inagharimu sehemu ndogo tu ya kile kinachotumika kukarabati bustani kubwa moja. Lakini kujitolea kuna mwisho: kijana anaoa, anahama, anachoka. Kaunti inapaswa kuwalipa mshahara, kuwapa toroli na maji, na zaidi ya yote kuiandikisha ardhi hiyo kabla mtu mwingine hajafika na karatasi.

Sheria imeweka siku za kuyadai hayo. Kila mwaka, kufikia Februari 28, serikali ya kaunti huwasilisha waraka wa mkakati wa fedha, na kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yanakuwa mezani kwa bunge la kaunti. Umma una haki ya kushirikishwa katika hatua zote mbili. Mkazi anayejali kiwanja cha mtaani kwake aombe ukurasa wa bustani katika makadirio hayo, atafute mstari wa matengenezo, siyo wa ujenzi, na aulize fedha zilizoandikwa pale zitalipa wafagiaji wangapi kwa miezi mingapi.